Mwezi Alioutaka Bibi

Kwa kina Milembe, simu ilikuwa ya Baba lakini kazi ya simu ilikuwa ya Milembe. Baba yake, Ngassa, alikuwa fundi pikipiki mjini Bariadi, na kuanzia asubuhi mikono yake ilikuwa imejaa oili mpaka viwikoni. Ujumbe ukiingia, alipaza sauti tu: "Milembe, soma!" Naye Milembe, binti wa miaka kumi na tatu, mwanafunzi wa darasa la saba, alisoma. Akiambiwa ajibu, alijibu. Mama alikuwa na genge la nyanya sokoni, na habari za simu alizisikia jioni wakati wa kula.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, Milembe alikuwa ameshafagia uwanja na kuchota maji, amekaa anasugua sufuria kwa majivu, simu ikalia dirishani. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa ya Shangazi Lukresia, dada yake Baba, anayeishi mji wa Houston, Marekani. Miaka tisa hakuwa amekanyaga Bariadi, na watoto wake hawakuwahi kufika kabisa.

"Kaka, nimepata likizo!" alisema Shangazi, na ungedhani yuko jikoni anapigia kelele kuku. "Wiki tatu, mimi na watoto wote wawili! Sasa nisikilizeni vizuri. Kutoka huku mpaka huko ni ndege tatu. Siwezi kuja tu kama mtu anayekwenda Lamadi kununua samaki. Nikikosea mwezi, nauli inapanda mara mbili, au nafika mvua imeharibu barabara, au namkuta Mama anashinda shambani toka alfajiri. Kwa hiyo kabla sijatafuta ndege, mkamuulize Mama tuje lini. Atakachosema yeye, ndicho hicho hicho. Milembe, mwanangu, nakutegemea wewe. Winnie anakusalimia."

Winnie! Milembe aliiweka sufuria chini ikiwa na majivu yake. Winnie alikuwa binti wa Shangazi, mwenzake kwa umri. Miaka minne walikuwa wakizungumza kwa simu, wakitumiana picha, wakicheka Kiswahili cha Winnie kilichokuwa kinachechemea. Lakini hawakuwa wameonana hata siku moja.

"Chukua baiskeli," alisema Baba bila kuinua kichwa kwenye injini. "Mimi leo nina pikipiki nne za watu. Nenda kwa Bibi, muulize, urudi na jibu."

Ilibidi aende mwenyewe kwa sababu Bibi Nyanjige hakuwa na simu. Aliwahi kununuliwa moja, akaificha ndani ya debe la mtama isiibiwe, na humo ndimo ilimofia. Kijiji chake kilikuwa mbele ya Nyakabindi, na njia ya mwisho ya kufika kwake ilikata mbuga yenye udongo mweusi. Mvua ikinyesha, udongo ule hushika gurudumu halafu haukumbuki kuliachia.

Milembe alimkuta Bibi shambani, ameinama anapalilia pamba.

"Mwangaluka, Bibi!"

"Mwangaluka, mayu," Bibi aliitikia, akimwita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, akaendelea kulima huku akisikiliza habari yote ya Shangazi. Alicheka, akashukuru, "Wabeja, Mungu wangu," akapiga jembe tena. Jembe likang'oa gugu pamoja na mche wa pamba uliosimama pembeni yake.

"Bibi, hiyo ni pamba!"

Bibi aliinama, akaupapasa ule mche kwa vidole, jani moja moja. "Ndiyo pamba," alisema. "Huu wa tatu tangu asubuhi."

Kisha akamweleza. Mwezi uliopita alikwenda kupimwa macho pamoja na akina mama wa kanisani. Daktari alisema ni presha ya macho. Mbele bado anaona, lakini pembeni giza linaingia kidogo kidogo. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone inasaidia tu kilichobaki kisiondoke haraka.

"Kwa hiyo mwambie hivi Lukresia," alisema Bibi. "Waje nikiwa naanika michembe. Mvua imekatika, njia kavu, nami nimetulia nyumbani. Na wasipitishe hapo, umesikia? Hao watoto nataka niwaone sura, wamesimama mbele yangu. Sitaki nije niwapapase kama ninavyopapasa hii pamba."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Bibi hakutaja jina la mwezi kwa sababu hakuwahi kuhesabu mwaka kwa kalenda. Mwaka wake ulikuwa kulima, kupalilia, kuvuna na kuanika. Milembe naye hakuuliza. Alikumbuka kwamba mwaka uliopita alikuja kumsaidia Bibi kukata viazi Jumamosi moja ya mwezi wa Julai. Basi, ni Julai. Akaaga, akapanda baiskeli.

Alipofika katikati ya mbuga, tope lilijaa kwenye magurudumu, akashuka kulikwangua kwa kijiti. Hapo ndipo wazo lilipomgonga, mkono ukasimama.

Julai! Si ndiyo kambi?

Mwalimu mkuu alikuwa ameshatangaza. Shule zikifunguliwa Julai, darasa la saba lote litalala shuleni mpaka mtihani wa mwisho mwezi Septemba. Hakuna kutoka, hata kama dada yako anaolewa. Ina maana Winnie atavuka dunia nzima, atafika Bariadi, atakaa wiki tatu, atakula, atacheza, ataondoka, na yeye Milembe yuko ndani ya uzio anakokotoa hesabu za sehemu! Machozi yalimlenga. Miaka minne ya kungoja, halafu asimwone hata kisigino?

Alikwangua tope kwa hasira. Na kadiri alivyokwangua, mwezi mwingine ulikuwa unamjia kichwani. Desemba. Mtihani umeisha, hana shule, hana kambi. Yeye na Winnie kutwa nzima.

Alipofika nyumbani, Baba alikuwa amelala chali chini ya pikipiki. "Bibi kasemaje?"

"Kasema Desemba."

Lilitoka kirahisi mno, hata yeye alishangaa.

"Desemba?" Baba alichungulia. "Mwezi wa kulima?"

"Ndivyo alivyosema."

"Haya, mwandikie shangazi yako."

Akaandika. Shangazi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaamka huko kwao, alijibu kabla chai haijachemka. "Desemba? Mama ninayemjua mimi, Desemba humkuti nyumbani hata kwa dawa. Milembe, una uhakika?"

Hapa palikuwa na mlango wa kutokea. Milembe aliuona kabisa. Angeweza kuandika, samahani Shangazi, nimekosea. Badala yake akaandika: "Bibi anasema siku hizi halimi sana. Amechoka." Habari ya macho hakuigusa hata kwa neno moja, kwa maana angeigusa tu, Shangazi angeuliza kwa nini basi asije mapema.

Sauti ya Shangazi iliporudi, alisikika anavuta kamasi. "Kwa hiyo Mama amefikia hapo," alisema polepole. "Hata kulima hawezi, na mimi mwanawe niko huku nasukuma vitanda vya wagonjwa wa watu wengine. Sawa. Desemba. Nitatafuta ndege."

Milembe alizima ile sauti haraka kabla Baba hajaisikia. Alitaka Winnie aje, alikuwa anakuja, sasa mbona hafurahi?

Usiku ule hakulala vizuri. Jumapili kanisani alikaa, akasimama, akakaa tena wakati wenzake wamesimama, mpaka Mama akamfinya. Jumatatu shuleni, Precious, rafiki yake anayekaa naye dawati moja, alimuuliza kama anaumwa tumbo. Alisema ndiyo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli. Kila simu ilipolia alikuwa wa kwanza kuikimbilia, si kwa hamu kama zamani. Alikuwa anaogopa mtu mwingine asiishike.

Jumanne jioni Shangazi alituma sauti nyingine, na safari hii Baba alikuwa amekaa kando, ananawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Kaka, Desemba kila mtu anarudi kwao," alisema Shangazi. "Ndege nzuri zote zimejaa au nauli yake haishikiki. Iliyobaki tunabadilisha mara tatu, na uwanja mmoja wa katikati tunakaa saa kumi na nne. Saa kumi na nne na Luhaga, mtoto wa miaka minne! Nitamlaza wapi, kwenye mizigo? Tena tunatua Mwanza jioni, kwa hiyo barabara ya kuja Bariadi ni giza na mvua. Itabidi niongeze zamu za usiku kazini. Lakini Mama kasema, na Mama akisema imekwisha. Wakala wa tiketi ananishikia nafasi mpaka Alhamisi saa sita mchana. Nikishalipa, tiketi hizi hazibadilishwi wala hazirudishwi."

"Masikini dada yangu," alisema Baba. Alimgeukia Milembe. "Bibi yako alisema Desemba, kweli eeh? Hukusikia vibaya?"

Milembe alitikisa kichwa kwamba hapana, hakusikia vibaya. Na hilo peke yake lilikuwa kweli.

Alijua vizuri hesabu ya saa za huko. Houston wako nyuma kwa saa tisa. Saa yao sita ya mchana, Bariadi ni saa tatu usiku. Alhamisi, saa tatu usiku. Tangu hapo alihesabu saa kama mtu anayengoja kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Jumatano alirudisha sahani ikiwa nusu. Alifagia uwanja mara mbili. Alifungua daftari, akalifunga, akalifungua, akakuta hajaandika kitu.

Alhamisi alfajiri Baba aliondoka na lori la rafiki yake kwenda Malampaka, kupokea injini iliyokuwa imeletwa kwa treni. Simu akaenda nayo. Mama naye alikuwa ameshakwenda sokoni. Milembe alikuwa anafunga viatu aende shule, akasikia kengele ya baiskeli nje. Alikuwa mzee Mwandu, jirani yake Bibi, ambaye kila siku huleta maziwa mjini.

"Bibi yako anauliza, neno lake lilifika?"

"Lilifika," alisema Milembe. Neno lilikuwa limefika, ila halikuwa la Bibi.

"Basi vizuri." Mwandu alicheka peke yake. "Jamani yule mama! Amepiga matuta mengine ya viazi nyuma ya zizi, peke yake. Anasema wageni wasije wakakuta michembe ya kuhesabu. Nikamwambia, mama, na macho hayo? Jana umejikata mguu kwa jembe, leo unarudi tena? Akanifukuza. Anasema ataona tu mpaka wajukuu wafike, baada ya hapo macho yakitaka kwenda, yaende."

Mwandu alipanda baiskeli yake akaondoka, madumu yanagongana. Milembe alibaki amesimama na kiatu kimoja mguuni. Amejikata mguu! Kwa ajili ya wageni ambao hawatakuja wakati huo, kwa kuwa yeye ndiye aliyewageuza njia.

Shuleni ndiyo hakukalika kabisa. Mwalimu Constantine alikuwa anafundisha hisabati, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, na alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. "Milembe, una nini leo? Umekalia siafu?"

Darasa likacheka. Milembe hakucheka. Kengele ya mapumziko ilipolia, alimfuata mwalimu mpaka mlangoni mwa ofisi ya walimu, akasimama hapo, akashindwa kuingia na akashindwa kuondoka.

"Sema," alisema Mwalimu Constantine.

Akasema. Alianza na Winnie, akarudi kwa Bibi, akaruka kwenye ndege, akachanganya, akalia, akaanza upya. Mwalimu hakumkatisha.

"Nani mwingine anajua haya?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna, Mwalimu. Mimi tu."

"Basi hakuna mwingine wa kuyatengeneza." Alimpa simu yake. "Namba ya baba yako unaijua? Piga."

Alipiga. Namba haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Mara ya tatu, vile vile. "Yuko njiani, mtandao unakatika," alisema mwalimu. "Rudi darasani, uje tena wakati wa chakula." Lo, vipindi vile viwili! Mkono wa saa ya ukutani ulikuwa unatambaa, na Milembe alikuwa anausukuma kwa macho.

Saa saba mchana simu iliita. Baba akapokea.

"Baba, ni mimi. Baba, Bibi hakusema Desemba." Alisema haraka, asije akapoteza ujasiri. "Nilisema mimi. Yeye alisema waje akiwa anaanika michembe. Mimi nitakuwa kambini, ndiyo maana nikasema uongo. Na alisema wasipitishe hapo, kwa sababu ya macho."

Milembe alimsikia Baba anawaambia watu wapunguze kelele.

"Baba?"

"Nipo. Macho yamefanya nini?"

Kumbe Baba hakujua! Bibi hakumwambia mwanawe, asije akamkataza kulima. Ilimbidi Milembe amweleze yote, presha ya macho, miche ya pamba, jembe lililomkata mguu. Alipomaliza, alisikia Baba anapumua kwa nguvu, na nyuma yake kelele za watu wa stesheni.

"Shangazi yako sasa hivi amelala, kwao ni saa kumi alfajiri," alisema Baba. Sauti yake ilikuwa chini sana, na Milembe angependelea agombezwe. "Ukitoka shule, mkimbilie Mwandu kabla hajaondoka mjini. Mwambie akifika aende na simu yake kwa Bibi, asitoke hapo mpaka nipige. Mimi nakuja."

Kengele ya mwisho ilimkuta Milembe ameshafunga mkoba. Alikimbia mpaka pale wauza maziwa wanapokusanyika, akamkuta Mwandu anafunga madumu yake matupu. Alimweleza huku anahema. Mwandu alikaza kamba ya mwisho, akasema "Haya, nimesikia," akapanda baiskeli.

Baba alifika jua linakaribia kuzama. Hakushusha hata injini. Alikaa kwenye benchi la gereji, Mama pembeni yake, Milembe amesimama, akampigia Mwandu ampe Bibi simu, akaweka sauti ya nje.

"Mama, macho unanificha mimi?" alianza.

"Ningekwambia ungenifungia ndani," alijibu Bibi bila wasiwasi. "Haya, mnataka nini? Mwandu ananiambia kuna maneno."

"Kuna maneno, Mama. Tunataka utuambie vizuri. Kuanika michembe, ni mwezi gani hasa? Milembe anasema Julai."

"Julai? Nani kasema Julai?" Bibi alishangaa. "Julai nakuwa namalizia vile vidogo. Mimi naanza mvua ikikatika tu, wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Huyo mtoto si angeniuliza?"

Milembe alikaa chini, pale pale kwenye mafuta machafu. Mwezi wa sita shule zinakuwa zimefungwa, na kambi haijaanza. Alichokuwa anakitaka yeye na alichokuwa anakitaka Bibi vilikuwa ni kitu kimoja, na angekijua kwa swali dogo tu.

Baba akampigia dada yake. Ilikuwa saa moja kasoro, na huko Houston ilikaribia saa nne asubuhi. Alimtaka Milembe aseme mwenyewe, na Milembe akasema. Alipofika kwenye macho ya Bibi, Shangazi hakulia safari hii. Alisema neno moja tu, "Ngoja," akakata.

Walingoja. Mama aliwasha jiko, akasahau kubandika sufuria. Milembe alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda kisimani bila ndoo, akarudi. Saa moja na nusu. Saa mbili kasoro robo. Je, kama ameshalipa? Kama alilipa asubuhi alipoamka? Baba alikuwa anaifuta spana moja ambayo ilishatakata zamani.

Saa mbili na dakika kumi simu ikalia.

"Nilikuwa nimeshaingiza namba za kadi," alisema Shangazi, na pumzi zilikuwa zinampanda. "Nilikuwa nasubiri tu bosi wangu anithibitishie zamu. Kaka, dakika chache tu zilibaki! Nimeachia zile nafasi za Desemba. Nimemwambia wakala anitafutie mwanzoni mwa Juni, na unajua amecheka? Anasema wiki ile nauli bado iko chini, watu wengi wa huku huanza safari katikati ya mwezi. Winnie atakuwa ameshafunga shule. Katikati tunangoja saa tatu tu. Tunafika Dar mchana, tunalala, asubuhi tunaruka Mwanza, na saa sita mchana tuko Bariadi, jua linawaka."

Mama alipiga kigelegele peke yake.

"Milembe yupo?" aliuliza Shangazi.

"Nipo, Shangazi. Nisamehe."

"Nimekasirika. Nitaendelea kukasirika mpaka nifike, na nikifika nitakukumbatia nikiwa bado nimekasirika. Umenifanya nimlilie mama yangu kwa jambo la uongo, na ukanificha la kweli. Usinifanyie hivyo tena."

"Sitafanya tena."

Baba naye alikuwa na lake. Tangu Jumamosi iliyofuata, Milembe alipanda baiskeli kila juma kwenda kupalilia pamba ya Bibi na matuta yale ya nyuma ya zizi. Alilima mpaka viganja vikaota sugu. Na kila ujumbe aliotumwa, ilimbidi ausome kwa sauti mbele ya aliyemtuma kabla haujaondoka. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye akaona analala usingizi mzuri.

Wageni walifika wiki ya kwanza ya Juni, mchana, barabara kavu, gari limejaa vumbi. Winnie alikuwa mrefu kuliko picha zake, na yeye na Milembe walikumbatiana halafu wakaoneana haya, hawajui waanzie wapi.

Lakini Bibi Nyanjige hakutaka mtu aanzie popote. Alikuwa ameweka kigoda chake uani, amelipa jua mgongo, ili mwanga wote uwapige watakaosimama mbele yake. Alimwita Luhaga kwanza, akamshika kidevu, akamtazama paji la uso, masikio, mwanya wa meno. Kisha Winnie. Kisha binti yake Lukresia, na huyo alimtazama mpaka wote wawili wakalia na kucheka kwa pamoja. Hakumpapasa mtu. Alitazama tu, polepole, akigeuza kichwa huku na huku ili kila kitu kiingie pale mbele ambapo bado palikuwa na nuru.

"Milembe, njoo na wewe. Simama hapo."

"Mimi unanijua, Bibi. Nakuja kila Jumamosi."

"Nakujua. Bado sijakutazama."

Milembe alisimama kwenye jua. Ilikuwa vigumu kutazamwa na macho yale, baada ya yote. Aliinamisha uso.

"Ulitaka kumwona Winnie," alisema Bibi. "Si vibaya, hata mimi nilitaka. Kosa ni kwamba ulilificha la kwako ndani ya langu, likaenda kwa Lukresia kwa jina langu. Neno la mtu ukitumwa nalo, mayu, lifikishe lilivyo, hata kama limekuumiza. La kwako nalo liseme, lisimame peke yake, watu walisikie. Ungesema, Bibi, mimi nitakuwa kambini, tungetafuta njia siku ile ile, wewe na mimi, pale pale shambani. Uongo ulitaka kutunyima wote wawili kitu ambacho tayari kilikuwa chetu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi inua uso," alisema Bibi. "Sijamaliza kukuona."